Mfongo usiokuwamo kwenye ramani

Kwenye ramani iliyobandikwa ukutani ofisi ya kijiji kuna mto, kuna kanisa, kuna shule ya msingi, kuna mpaka kijiwe cha bodaboda kilichoanza mwaka jana. Barabara mpya imechorwa kwa mstari mwekundu mnene. Inaachana na lami, inapanda kwa kona mbili kubwa, inapita chini ya kanisa na kuishia sokoni. Nilisimama pale na kiroba cha pumba miguuni, nikaifuata kwa kidole kuanzia chini. Nilipofika inapokatiza kihamba cha mama mkubwa nikatafuta mfongo wetu. Haupo. Nikavaa miwani, nikarudia kuanzia mwanzo. Haupo.

Kwa msomaji asiyetoka huku mlimani Kilimanjaro: mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono, unaotoa maji mtoni kule juu na kuyatembeza ubavuni mwa kilima, taratibu, hadi kwenye vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani ya migomba na kahawa. Wageni waliopanda huku karne ya 19 waliikuta mifongo inatiririka tayari. Wetu hauna zege hata kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, ni mawe, udongo na magome ya migomba. Unahudumia kaya 63 kwa zamu, na zamu hizo ziko kwenye daftari ninalolitunza mimi. Baba alikuwa katibu wa kamati ya mfongo, na alipofariki wazee walisema daftari lisitoke nyumbani kwake. Ukurasa wa kwanza ni wa mwaka 1987, kwa mwandiko wake.

Niseme mapema kwamba barabara tunaitaka. Masika ya mwaka juzi wifi yangu alishikwa na uchungu saa saba usiku, gari tuliyokodi ikazama kwenye tope kwenye kona ya pili, wanaume wakambeba kwa machela ya mianzi na blanketi mpaka kwenye lami. Mtoto yupo, ni mzima, anakimbiza kuku. Lakini mimi nilishika taa ile usiku, na sitaki kuishika tena. Kahawa na ndizi zetu zinafika Moshi mjini zimeshakula faida yote kwenye nauli. Kwa hiyo atakayesoma hapa akadhani napinga barabara, arudi asome aya hii.

Ninachotaka kueleza ni jinsi tulivyoulizwa maoni, na jinsi ilivyokuwa karibu sana kila mtu aamini kwamba tumeshayatoa.

Mkutano wa kwanza uliitishwa kwa tangazo la karatasi moja kwenye mlango wa ofisi ya kijiji na kipaza sauti siku moja kabla. Walikuja wataalamu watatu kutoka kampuni iliyopewa kazi ya kuandaa tathmini ya athari kwa mazingira: dada mmoja wa masuala ya jamii, kijana wa mazingira na dereva ambaye ndiye aliyekuwa anapiga picha. Ilikuwa Jumanne. Jumanne kwetu ni siku ya soko. Mtu asiyetoka huku haoni uzito wake, lakini siku ya soko wanawake wote wenye ndizi, maharage, maziwa au parachichi wako sokoni tangu alfajiri. Na anayejua mfongo unapita wapi, unavuja wapi, zamu ya nani inaibwa usiku, ni mwanamke, maana ndiye anayemwagilia. Siku ile walijiandikisha watu 84. Baadaye nilihesabu majina ya wanawake kwenye nakala ya orodha: 11. Mimi nilikuwemo kwa sababu mwenyekiti alinipigia simu niache duka.

Yule dada alieleza vizuri, sitamdhulumu. Alitaja upana wa barabara, vumbi wakati wa ujenzi, ajira kwa vijana, ukimwi, usalama wa watoto wa shule. Kisha akauliza: "Wazazi wangu, mna maoni gani?" Mikono ikainuka na karibu yote ilikuwa juu ya fidia. Siwalaumu. Kila ukoo huku una ndugu aliyejenga kando ya barabara kuu na kuamka siku moja akakuta X ukutani. Watu wamejifunza rangi zake kama taa za barabarani: X ya kijani utalipwa, X nyekundu uko ndani ya hifadhi ya barabara, ubomoe mwenyewe. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba nyingi zilizokuwa nje zikajikuta ndani. Hofu hiyo ndiyo iliyozungumza siku ile. Mzee mmoja aliuliza swali moja mara tatu, kwa maneno tofauti: migomba italipwa kwa shina au kwa eneo?

Mimi sikuinua mkono. Niliona wameshapita na mitambo yao kupima, nikajua mfongo wameuona. Mtu anaupitaje mfongo bila kuuona? Nikasaini daftari la mahudhurio, nikapewa soda, nikarudi kufungua duka.

Saini ile ndiyo imenifundisha zaidi ya kitu kingine chochote kwenye safari hii. Miezi mitano baadaye orodha yetu ilikuwa kiambatisho nyuma ya taarifa ya tathmini, na mbele yake kuna sentensi inayosema wananchi walishirikishwa na kuupokea mradi. Hakuna aliyetudanganya. Tulisaini kwamba tulikuwepo, na kwenye karatasi kuwepo kwetu kukawa kukubali kwetu.

Taarifa yenyewe niliipata kwa kuiomba. Binti yangu alikuwa amekuja likizo, akapakua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kwenye simu. Nakala tuliyoipata ilikuwa ya Kiingereza, tukaisoma jikoni polepole, yeye akisoma na mimi nikiuliza. Kifungu cha 81 kinasema mradi wa aina zilizotajwa hauanzi mpaka tathmini ifanyike. Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kanuni za mwaka 2005 zinamtaka mwenye mradi atangaze kwa mabango karibu na eneo, gazetini na redioni, akutane na watu watakaoguswa, na taarifa iwe na muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Binti alipofika hapo nikamwambia arudie. Kwa Kiswahili? Kwa Kiswahili, mama.

Kesho yake nikaenda kwa mtendaji wa kijiji nikamwomba muhtasari wa Kiswahili. Akafungua kabati, akautoa chini ya mafaili ya TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini. Ulikuwa umefika wiki tatu nyuma na hakuna aliyeuulizia. Kurasa 14. Nilikaa kwenye benchi la nje nikausoma wote. Ukurasa wa tisa ulisema hakuna miundombinu ya umwagiliaji itakayoathiriwa na njia iliyopendekezwa.

Nimefikiri sana kwa nini waliandika vile, na nadhani najua. Wapimaji walipita mwezi ambao banio lilikuwa limebomoka. Mvua za mwisho zililing'oa, na mpaka tupate siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ya kulijenga upya, mfongo ulikaa mkavu wiki sita, majani yakaota ndani yake. Mtu mgeni akiuruka siku zile anaona kijia cha ng'ombe. Na picha ya kutoka angani haimsaidii, kwa sababu kihamba kina paa lake: juu mruka na mringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa. Ukikitazama kutoka juu unaona msitu. Maji yako chini ya yote hayo, yana upana wa hatua moja ya mtoto.

Jumapili baada ya ibada niliwaita wanakamati. Tukakubaliana tuutembee mstari mzima sisi wenyewe, kutoka banio mpaka kihamba cha mwisho, na kila vigingi vya wapimaji vinapokatana na mfongo tupige picha na kuandika. Tulikuwa watu tisa na kamba ya mita 50. Vigingi vilikata mfongo sehemu tatu. Mbili ni ndogo. Ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi, nayo ni kwenye kihamba cha mama mkubwa.

Pale kilima kina mteremko mkali. Barabara ikipita ubavuni mwa kilima, upande wa juu inachimba na upande wa chini inajaza kifusi. Kwa mujibu wa vigingi, uso wa barabara ungekuwa chini ya mfongo kwa karibu mita moja. Upande wa juu wa barabara panawekwa mtaro wa kukusanya maji ya mvua, na mtaro ule ungeupokea mfongo wetu wote na kuupeleka kwenye kalavati, njia ya maji chini ya barabara, lililopangwa mita 40 mbele, kwenye korongo. Yaani maji ya kaya 41 zilizoko chini ya pale yangeingia korongoni na kurudi mtoni. Barabara ingekamilika, ingezinduliwa, ingekuwa nzuri kweli, na kiangazi cha kwanza kahawa ya kaya 41 ingekauka, na hakuna mtu angeweza kuonyesha ukurasa ambao tulisema tuna mfongo.

Tuliandika barua. Nilitaka iwe fupi ikafika kurasa nne. Tuliambatisha mchoro wa mkono, picha 22, nakala za daftari la zamu kuanzia 1987, na orodha ya kaya na saini zao, safari hii juu ya kila ukurasa tukaandika saini inamaanisha nini: "Tunathibitisha kwamba tunatumia mfongo huu." Kamati ya mfongo ikapeleka kwa halmashauri ya kijiji, halmashauri ya kijiji ikaijadili na kuiingiza kwenye muhtasari wa kikao, na nakala zikaenda kwa mwenye mradi, kwa kampuni ya tathmini, kwa diwani, na kwa NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, maana ndilo lililokuwa linaipitia taarifa kabla cheti hakijatolewa. Kila nakala nilisimama mapokezi mpaka nikaona muhuri wa "Imepokelewa" na tarehe. Mahali pamoja kijana wa mapokezi aliniambia niache tu, bosi ataiona. Nikamwambia mwanangu, nimeshuka na gari mbili, naomba muhuri. Akanigongea.

Wakati tunasubiri nilimkumbuka shemeji yangu anayefanya usafi kwenye ofisi moja Arusha, aliyewahi kunisimulia kesi ya barabara ya Serengeti. Kulikuwa na mpango wa barabara kuu iliyokuwa ikatize kaskazini mwa hifadhi kwa kilomita 53, njia ileile wanayopita nyumbu zaidi ya milioni wakihama. Shirika moja la kutetea wanyama la Kenya lilifungua shauri mwaka 2010 kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo iko hapo Arusha, na Juni 2014 mahakama ikaizuia serikali kujenga barabara ya lami katikati ya hifadhi ile. Sisi hatuna nyumbu wala wakili. Lakini kuna kitu kilinishika katika habari ile: iliamuliwa wakati barabara bado ni mstari. Tingatinga likishapita, unabaki kubishania bei ya kilichoharibika.

Walirudi wiki ya tano. Safari hii na mhandisi wa usanifu, mwanamume wa makamo, kofia ya jua na viatu vilivyoshatembea. Alipofika kwa mama mkubwa alimsalimia kwanza, "Shikamoo mama," akasubiri marahaba, ndipo akaomba kupita. Nikajua huyu tutaongea naye.

Mwenyekiti wa mfongo ni mzee wa miaka 81, wote tunamwita Meku. Hajui kusoma michoro, lakini tangu ujana wake akitazama kilima anakwambia maji yatapita hapa na hayatapita pale, na sijawahi kuona amekosea. Mhandisi akasimamisha chombo chake cha kupimia kwenye miguu mitatu, msaidizi akaenda na fimbo ya namba. Meku akamtazama kwa muda, kisha akamtuma mjukuu amletee ganda la mgomba, lile la nje, refu, lililojikunja kama bomba lililopasuliwa. Akalilaza juu ya vijiti viwili kuanzia ukingo wa mfongo kuelekea vigingi vya barabara. Akaomba jagi la maji. Akamimina kidogo kidogo.

Maji yalikwenda, yakapunguza mwendo, yakasimama, kisha yakaanza kurudi kidogo kuelekea kwetu. Meku akaweka jani kavu pale yaliposimama. "Hapa," akasema. "Ukiyashusha chini ya hapa mwanangu, hayapandi tena."

Mhandisi akainama kwenye chombo chake, akamwita msaidizi asogeze fimbo mpaka kwenye lile jani, akaandika namba. Akapiga hesabu kwenye simu. Akapiga tena. Akasema, "Mzee, tumetofautiana sentimita nne." Meku akamwuliza nani kati yao ndiye mwenye makosa. Mhandisi akasema kwa umbali ule na kwa ganda lile, hakuna mwenye makosa.

Ndipo wakaanza kuongea kazi. Mhandisi alipendekeza kwanza bomba lipite chini ya barabara na kupanda upande wa pili, chemba huku na chemba huku, maji yajisukume yenyewe. Meku alikataa. Alisema mfongo hauleti maji peke yake, unaleta majani, mchanga, na masika unaleta mawe ya ukubwa wa ngumi. Bomba likiziba katikati ya barabara, nani anaingia? Mhandisi akasema panawekwa chekecheke. Meku akamwuliza chekecheke litasafishwa na nani saa nane usiku mvua ikinyesha. Nikatafuta kwenye daftari: masika ya 2018 tulisafisha mfongo mara 11. Nikamwonyesha mhandisi ukurasa. Akausoma mpaka chini, akauliza kama anaweza kuupiga picha.

Walichokubaliana ni kwamba barabara inyanyuliwe pale badala ya kuchimbwa, ili mfongo upite kwa usawa wake wenyewe ndani ya kalavati la boksi, na kalavati liwe na nafasi ya mtu mzima kuingia ameinama na jembe. Mhandisi alikuwa mkweli kwamba kifusi kitaongezeka na gharama itapanda, na yeye peke yake haamui. Lakini alisema maneno ambayo niliyaandika palepale: kubadilisha usawa wa barabara leo ni kazi ya siku mbili kwenye kompyuta, na baada ya mkandarasi kusaini inakuwa madai ya malipo ya ziada.

Halafu kukawa na suala la kaburi.

Kati ya mfongo na vigingi, mita nne kutoka mstari, amelala baba mkubwa, na pembeni yake mama yake. Kwetu watu wanazikwa kihambani, chini ya migomba yao. Yule dada wa masuala ya jamii aliuliza kwa upole sana, akieleza kwamba huenda pakahitajika kuhamisha. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda akimenya maharage mabichi. Hakuacha kumenya. Akasema, "Mniambie mapema. Nitahitaji kumwambia."

Hakuna aliyejibu kwa muda. Mimi ndiye niliyevunja ukimya, kwa sababu binti yangu alikuwa amelipata hilo pia. Sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969 inataka notisi itolewe, na gharama zinazolipwa haziishii kwenye kufukua na kuzika upya, zinaingia mpaka za matambiko yanayoandamana na kuhamisha. Limeandikwa kwenye sheria ya nchi, tangu mimi sijazaliwa. Yule dada akasema analijua hilo, lakini kwa miaka yake yote kazini hajawahi kuona familia ikiliomba. Akaandika: mbege (pombe yetu ya ndizi), mbuzi, masale (majani ya matambiko), usafiri wa wanaukoo walioko mbali. Mama mkubwa akamsahihisha idadi ya mbuzi.

Taarifa iliyorekebishwa ilifika baada ya miezi miwili. Ukurasa wa tisa sasa una mfongo wetu kwa jina lake, urefu, idadi ya kaya na sehemu tatu zinazokatwa. Mchoro mpya una kalavati pale jani kavu lilipowekwa. Mpango wa usimamizi wa mazingira unasema mkandarasi haruhusiwi kukata maji kwa muda unaozidi saa 12 bila kuafikiana na kamati ya mfongo kwa maandishi. Sentensi hiyo ya mwisho niliiomba mimi, na nikiisoma moyo unatulia.

Yapo yasiyotulia. Sehemu ya njia mbadala bado ni aya moja. Inataja njia ya juu mgongoni mwa kilima, inataja kukarabati njia ya zamani, inataja kutojenga kabisa, na yote matatu yanakataliwa kwa mistari sita. Nilimuuliza mhandisi kuhusu njia ya juu, akanieleza mteremko wake na kwa nini lori la ndizi lingeshindwa, nikamwelewa kwa dakika tano. Kwa nini dakika tano zile hazikuandikwa? Na moramu, ile changarawe ya kujengea barabara, taarifa inasema itachimbwa "eneo litakaloainishwa baadaye." Shimo la moramu ni kubwa kuliko barabara kwa mtu atakayeishi kando yake. Linajaa maji masika, linazaa mbu, na watoto wanaogelea humo. Nimeandika barua ya pili kuhusu hilo, muhuri ninao, jibu bado.

Jumamosi iliyopita ilikuwa msaragambo. Tulisafisha kuanzia banio, watu 37, wanaume na majembe mbele, wanawake nyuma tukitoa majani. Pale kwa mama mkubwa kuna kigingi kipya chenye rangi ya bluu na namba, na mtu amechimba kwa uangalifu pembeni ya mfongo bila kugusa ukingo. Meku alikikanyaga kidogo kwa mguu kuona kama kimeshika. Maji yalifika pale saa tano kasoro, yakiwa mekundu kwanza, kisha yakatakata. Niliandika saa na majina kwenye daftari kama anavyofanya katibu.

Nikiwa bado naandika, mtendaji akanitumia ujumbe: mthamini wa fidia anakuja kuhesabu migomba, kahawa na makaburi, kila mwenye kihamba awepo mwenyewe na kitambulisho. Siku aliyopanga ni Jumanne. Nilimpigia palepale nikiwa na matope mikononi, nikamwambia Jumanne wenye migomba hawatakuwepo, wako sokoni, aombe Jumatano. Amesema atampigia mthamini na kunijibu kesho asubuhi.